Bunduki Kuukuu Haitaki Ujana

Mzee mmoja wa Kericho, sahibu yangu wa miaka mingi, alinionyesha bunduki aliyoirithi kwa marehemu baba yake, kwa hati halali ya serikali. Ni Lee-Enfield ya Kiingereza, ile inayokokwa kwa komeo la mkono na kuchukua risasi 10 katika kasha lake. Baba mtu aliipata kwa setla aliyefunga virago wakati wa uhuru. Ubao wake wa mbele umekatwa kwa msumeno, shabaha za kijeshi zimeng'olewa, na mtutu umebaki uchi. Sasa mwenyewe anataka fundi airudishie ubao kamili na kuisugua mpaka ing'are kama siku iliyotoka kiwandani.

"Wewe mtu wa Pwani, waonaje?" akaniuliza.

Siku ile nilimjibu kwa ufupi. Leo namjibu kwa urefu, kwani swali lake latuhusu sote.

Kwanza tujue mkato ule ulitoka wapi. Baada ya vita vikuu viwili, bunduki nyingi za jeshi ziliuzwa kwa bei nafuu, na raia walionunua walizipunguza mbao ziwe nyepesi za kuwindia. Basi mkato ule si ajali. Ndio alama ya silaha ya vita iliyogeuzwa silaha ya shambani.

Na nchi ya chai yenyewe imepita njia hiyo hiyo. Mwaka 1905 majeshi ya Waingereza yaliingia Sotik, ambayo leo imo katika Kaunti ya Bomet, na Wakipsigis waliouawa hutajwa kuwa 1,850. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, maafisa wa Kiingereza waliopata vilema vitani walipewa ardhi Kericho walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na katika miaka ya 1920 makampuni makubwa yakaishika ardhi na kupanda chai. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Madai ya ardhi ile hayajesha hata leo.

Kitani hicho ndicho ambacho mbegu zake hukamuliwa mafuta, na mafuta hayo ndiyo yaliyonyweshwa mbao za bunduki kama hii jeshini. Basi tazama, ndugu msomaji: katika kipande kimoja cha mti vimo vita, limo shamba, na imo dhuluma. Akiutupa ubao ule, fundi atakuwa ametupa nini?

Sisi wa Pwani twaujua msiba huu. Tumeona milango ya nakshi ya wazee wetu ikikwanguliwa na kupakwa rangi ya dukani, mpaka mlango wa babu ukafanana na wa jana. Lakini mizinga ya Ngome ya Yesu, iliyofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, nani hudai ipigwe msasa? Twaipenda kwa uzee wake. Hali kadhalika fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa mwaka 1905, zilirudishwa Kenya kutoka Uingereza mwaka 2006. Thamani yake si mng'aro.

Najua nitaambiwa kwamba mali ni yake, na ufundi ni heshima. Kweli. Wala sisemi chuma kiachwe kiliwe na kutu. Kutu ni maradhi. Ifutwe polepole kwa mafuta na kitambaa, mbao zilishwe mafuta ya kitani, na nambari zilizopigwa chapa zisiguswe msasa. Lakini kutibu ni kimoja, na kuzua ni kingine. Ubao mpya utasema uongo kwa sauti nzuri: utasema bunduki hii haijapata kutoka kambini. Utafuta zama za setla, na zama hizo ndizo zenye kesi.

Kisha kuna roho za watu. Komeo la bunduki moja likitiwa katika nyingine bila kupimwa, risasi yaweza kumpasukia mpigaji usoni. Ndiyo maana Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimwachii kila mhunzi kazi hii, ila mwenye leseni. Na uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1977. Bunduki isiyo na mawindo, ikirudishiwa nguvu zake, itamwelekea nani? Chuoni tulifunzwa tangu utotoni kwamba hata kwa mzaha Mwislamu hamwelekezei nduguye chuma.

Rai yangu kwa mzee wangu ni hii. Kwa idhini ya polisi, fundi mwenye leseni aizime bunduki isiweze kupiga tena. Mkato ubaki kama ulivyo. Kisha itolewe iwekwe katika makumbusho huko huko kwenye chai, na kando yake paandikwe habari za 1905 na za 1934, kwa Kipsigis na kwa Kiswahili, ili mjukuu anayechuma majani asome bila mkalimani.

Siku moja mtoto atauliza, "Nani aliukata ubao huu, na kwa nini?" Tusimwondolee swali lake kwa sababu ya kupenda mng'aro.