Kulamawe: nyumba ya mawe haimzuii mchwa

Kulamawe, kule Isiolo, iko kwenye njia ya barabara kuu ya Isiolo hadi Mandera, mradi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Lami ikifika mahali, nyumba za kudumu hufuata. Na baada ya ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo Kaskazini, kuna ndugu zetu wafugaji ambao mali waliyobaki nayo ni nyumba tu. Ndiyo maana naona suala la mchwa si dogo.

Sisi wa Pwani twamjua mdudu huyu. Wazee waliojenga Lamu walitumia mawe, chokaa na boriti za mikoko, mti mgumu ambao mchwa hauwezi upesi. Leo twajenga kwa mawe na saruji, kisha twatia fremu na paa la mbao laini za saipresi, tukidhani mawe yametukinga.

Mawe hayaliwi, lakini hupitwa. Mchwa wa ardhini hupenda unyevu na hukimbia mwanga. Hupanda ukutani kwa vijia vya udongo vyembamba kama penseli, na ufa wa milimita 1 wamtosha. Hula mbao kwa ndani, akaacha ngozi ya juu. Sura Saba yatukumbusha mdudu wa ardhi aliyekula fimbo ya Nabii Suleiman (A.S.): majini hawakujua kuwa ameshafariki hadi alipoanguka. Paa nalo ni hivyo hivyo.

Tatizo ni kwamba dawa hutafutwa baada ya watu kuhamia. Fremu hupulizwa, mchwa wa juu hufa, lakini malkia hubaki salama kiotani chini ya ardhi. Wengine hupaka oili chafu ya magari, ambayo huishia udongoni, mahali ambapo watu na mifugo hunywa maji ya visima. Sumu za zamani kama dieldrin na chlordane ziliwekwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001 kwa sababu hudumu miaka mingi ardhini na katika mafuta ya mwili. Tusizirudie.

Kinga huanza kwenye msingi. Visiki na vipande vya mbao viondolewe kabla ya kujaza kifusi. Udongo utiwe dawa iliyosajiliwa, na mtu aliyefunzwa, kabla ya sakafu kumwagwa. Mbao ziwe zilizotibiwa, na zisiguse ardhi. Kuni na ua wa miiba visiegemee ukuta, na bomba linalovuja lizibwe. Kila mwezi zunguka nyumba ukitafuta vile vijia vya udongo.

Serikali ya Kaunti ya Isiolo isiishie kutazama ramani. Ikague msingi ungali wazi. Dawa ya msingi hulipiwa mara moja. Paa likianguka, mwenyewe huenda hana tena hata ng'ombe mmoja wa kuuza.