Hema la Kambi ya Uwindaji
Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa Julai 1, na yeyote anayekuja kwa mafundi maturubai wa Vingunguti kutafuta hema la kitaluni Selous, namsihi asivutwe na wepesi wa nailoni. Achukue turubai la pamba, zito. Hilo hupitisha hewa, halitoki jasho usiku, na mvua za vuli zikilinyeshea nyuzi huvimba na kuziba vitundu vya sindano. Auvute mshono wa kona kwa mikono miwili. Ukiachia hata uzi mmoja, asilichukue. Sakafu ishonewe humo humo kuzuia nge, madirisha yawe na wavu: mchana mbung'o, usiku mbu. Na wapishi na wafuata nyayo nao walale kwenye hema kama hilo, si chini ya plastiki iliyofungwa mitini.