BILIONI ISITUPOTEZEE HESABU



Ndugu zangu katika imani, hapa Ngarenaro kibaka akikwapua simu ya laki mbili, mtaa mzima unatoka kumkimbiza. Lakini redio ikitaja bilioni za umma zilizopotea, tunaguna kidogo, kisha tunaendelea na chai. Uchungu tunao. Ila laki mbili tunaijua kwa jasho, bilioni tunaijua kwa jina tu.

Basi tupige hesabu. Anayeingiza 10,000 kwa siku, asile wala asilipe kodi ya nyumba, atafikisha milioni 1 kwa siku 100. Bilioni 1 ataifikisha kwa miaka karibu 274. Yaani angeanza kabla Sayyid Said wa Zanzibar hajazaliwa, ndiyo kwanza leo anakaribia kumaliza. Na trilioni? Miaka 274,000! Mdomoni zinafuatana milioni, bilioni, trilioni, kumbe kila moja ni mara elfu ya iliyotangulia.

Fedha ikizidi fahamu, hata ulimi hulegea. Mwaka 2008 waziri Andrew Chenge aliulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni 1 kwenye akaunti yake kisiwani Jersey, akaziita "vijisenti". Hukumu si kazi yangu, nazungumzia neno. Zilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 1.

Sasa tazama bajeti ya Serikali ya 2025/26: shilingi trilioni 56.49. Igawe kwa watu 61,741,120 wa sensa ya 2022. Kila mtu, hata mtoto mchanga, anaangukiwa na karibu 915,000. Nyumba ya watu watano ni zaidi ya milioni 4 na nusu. Hapo utaona kuwa hii ni amana yako na ya wanao.

Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyeuawa kwa mshale baada ya Khaybar. Watu wakampongeza kwa shahada. Mtume (s.a.w.) akaapa kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa inamuwakia moto. Kusikia hivyo, mtu mwingine akaja mbio kurudisha ugwe wa kiatu. Akaambiwa: huo nao ni wa moto.

Ugwe wa kiatu, ndugu yangu! Kwa Allah kikubwa hakipotei kwa ukubwa wake, wala kidogo kwa udogo wake.

Kwa hiyo ukisikia bilioni, usigune ukapita. Igawe kwa siku zako za kazi, kisha uliza kwa adabu kwenye mkutano wa mtaa: imefanya nini? Na wewe uliyeshika sanduku la msikiti au daftari la kikoba, andika hata ile mia tano. Asiyeilinda mia tano, bilioni ataiweza wapi?

Allah atujaalie kuwa waaminifu katika kidogo na kikubwa. Aamiin.

Wallahu a'lam.