Ofa ya Kinyozi Mnaikimbia, ya KICC Mlipiga Foleni

Wasee, leo sina mzaha. Hii kitu imenikaba koo tangu mwezi jana, na kama itakuuma kidogo, jua mimi iliniuma wa kwanza.

Braza yangu alifungua kinyozi Kawangware, pale ukielekea Congo. Chumba kidogo, viti viwili, kioo kimoja kirefu, mashine mbili alizonunua tao, na deni. Kwa sababu hakuna mtu alikuwa anamjua mtaani, akabandika karatasi mlangoni: watu 20 wa kwanza wananyolewa bure, na kuoshwa kichwa juu. Kusema ukweli, hiyo akili ilikuwa yangu. Nilimwambia, "Braza, watu wa Nairobi wakisikia bure watajaa mpaka barabarani." Nikapiga video, nikaposti, nikakaa kwenye benchi nikingoja umati.

Siku ya kwanza walikuja watu watatu.

Wa kwanza alikuwa mtoto, ametumwa na mamake aulize kama ni kweli. Tukamwambia ni kweli. Akaenda na hakurudi. Wa pili alikuwa mzee fulani. Akasimama mlangoni, akasoma ile karatasi mara mbili, kisha akauliza, "Kijana, unauza nini haswa?" Braza akamjibu, "Siuzi kitu, mzee wangu. Nimefungua juzi, nataka tu watu waone kazi." Mzee akacheka kile kicheko cha mtu aliyeona mengi, akaenda kinyozi cha pili, milango mitatu kutoka hapo, akalipa soo. Wa tatu alikubali kukaa, lakini muda wote alikuwa anatazama ile mashine kama itamuuma.

Jioni mama mboga wa kwenye kona akatuletea habari. Kuna watu wanasema hao vijana wanakusanya nywele. Zinapelekwa wapi? Hakuna anayejua. Lakini zinakusanywa.

Mimi nilicheka sana. Braza hakucheka. Renti haijui utani.

Sasa, kabla niwakaange, wacha kwanza niwatetee. Huu woga wetu haukuanguka kutoka mbinguni. Mtu aliyekulia Nairobi amelipia masomo yake. Umeona pata potea ikichezwa kando ya barabara, na yule jamaa "anayeshinda" kumbe ni mmoja wao. Umepokea mesegi kwamba umeshinda promosheni, halafu unapigiwa na mtu mwenye sauti tamu, na mtaa mzima unajua hiyo simu inatoka Kamiti. Wazazi wetu walivutwa kwa zile skimu za piramidi zilizoanguka miaka ya 2006 na 2007, na wengine hawakurudishiwa hata ya nauli. Kwa hivyo mtu akikuambia kitu ni bure na ukashika mfuko, hiyo si ujinga. Hiyo ni kumbukumbu.

Na hata lugha yenyewe haitusaidii. Fikiria vile tunavyolitumia hili neno. Mtu bure. Kelele za bure. Umekuja bure, umejichosha bure, amekufa bure. Neno moja linabeba "hakuna malipo" na "hakuna thamani". Braza alidhani ameandika mlangoni "karibu, hutalipa." Mtaa ukasoma "karibu, hatufai."

Nimewatetea kiasi cha kutosha. Sasa tuongee ukweli.

Kama kweli sisi ni watu wa kuogopa vya bure, tulikuwa wapi mwishoni mwa Julai 2023? Mnakumbuka Worldcoin? Watu walijazana KICC, foleni ikazunguka, wakingoja kuangalia ndani ya chuma chenye umbo la mpira ili mboni za macho zipigwe picha. Malipo yakawa tokeni za thamani ya kama shilingi 7,000. Nani aliuliza, "Kijana, unauza nini haswa?" Wachache sana. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha ile shughuli, na mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ya miili ya Wakenya iliyokusanywa ifutwe. Na sitajifanya mwerevu. Mimi mwenyewe sikupigwa picha kwa sababu moja tu: foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa na njaa.

Yaani tuelewane. Nywele zako, ambazo kila wiki zinafagiwa na kutupwa, ukaogopa zisikusanywe na kijana wa Kawangware unayejua anapolala. Macho yako, ambayo hutapewa mengine, ukayapeleka mwenyewe.

Kwa hivyo si bure tunayoogopa. Tunaogopa bure ya mtu mdogo. Bure ikija na fulana za rangi moja, mashine inayong'aa na watu wanaoongea kama televisheni, tunaipangia foleni. Ikija na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, tunaita utapeli. Ukienda supamaketi kubwa ukute dada amesimama na trei ya soseji zilizokatwa vipande, si unachukua? Tena unazunguka rafu ya sabuni na kurudi mara ya pili ukijifanya mtu mwingine. Lakini jamaa wa mutura jioni, akikukatia kipande uonje, unamwuliza hiyo nyama ni ya nini.

Mtu ataniambia, "Lakini kampuni kubwa ina jina la kulinda." Sawa, hiyo ni hoja. Lakini hebu tuipime. Yule mama mboga wako amekaa pale kwenye kona miaka mingapi? Akikuuzia nyanya zilizooza, utampata wapi kesho? Palepale. Atajificha wapi, na watoto wake wanasoma shule moja na wako? Biashara ndogo haina wakili, haina ofisi ya kupokea malalamiko wala haina nchi nyingine ya kukimbilia. Jina lake ndilo mtaji wake wote, na linaweza kuuawa na umbea wa jioni moja. Mtu wa kushuku ni yule ambaye hujui utampata wapi kesho, na anachotaka kwako hajakisema. Weka hayo maswali mawili mbele ya ofa yoyote. Utaona kinyozi anapita na ile foleni ya KICC inafeli.

Lakini kuna upande wa pili, na huu ndio unaniudhi zaidi. Kuna wale hawaogopi bure. Wanaipokea, halafu wanaikanyaga.

Wiki ya pili tulibadilisha mpango. Nikamwambia braza watu wajiandikishe WhatsApp, kila mtu apewe saa yake ya Jumamosi. Wakajiandikisha 11, haraka, na maua na mioyo juu. Braza akafagia mapema, akaweka maji ya moto. Walikuja wanne. Saba hawakusema hata "pole, nimekwama." Na kwa sababu viti vilikuwa vimewekwa kwa majina yao, wateja wawili wa kulipa waliambiwa wangoje kidogo, wakaenda kwa jirani. Hesabu hiyo. Saba wa bure walimla mtu pesa ya kweli.

Hiyo tabia iko tao pia. Unajua wale wasee wa kuuza nguo na viatu kwenye simu, walioandika "kuletewa ni bure ndani ya CBD"? Nani unadhani hulipa hiyo bure? Ni dada ameshuka ngazi kutoka eksibisheni, ameomba jirani amwangalizie kiduka, ametembea jua la saa saba mpaka Archives na mzigo kwenye karatasi. Anapiga simu. Mteja hapatikani. Anangoja dakika 20 huku watu wakimgonga mabega. Angekuwa amelipisha hata finje kabla ya kutoka, ungekuja mbio. Lakini ilikuwa bure, kwa hivyo ukaona miguu yake pia ni ya bure.

Na mimi siko kwenye kiti cha hakimu hapa. Mwaka jana rafiki yangu anayejifunza kupiga picha aliniomba tukutane Westlands Jumapili asubuhi anipige picha bila malipo, apate kazi za kuonyesha watu. Nililala. Niliamka saa sita, nikaona simu zake tano, nikaandika "manze pole, niliisha." Kama ningekuwa nimelipa thao mbili, ningefika kabla yake. Hajawahi kuniomba tena, na ana haki.

Sasa, je, Wakenya hawawezi kuthamini cha bure? Wanaweza, na ushahidi uko. Januari 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka shuleni. Machi 2020, corona ilipoingia, Safaricom iliondoa ada ya kutuma M-Pesa hadi shilingi 1,000, na ikaendelea hivyo mpaka mwisho wa mwaka. Nani alishuku? Nani alisema hiyo ni mtego? Hakuna, kwa sababu kila mtu alikuwa anajua ile ada kwa kichwa. Mzazi alikuwa amefukuziwa mtoto kwa karo, kwa hivyo alijua ameondolewa mzigo gani. Cha bure huheshimika pale bei yake inajulikana na imewahi kukuuma.

Na mwalimu wa hili somo hayuko chuo kikuu. Ni yule mama mboga. Ukinunua sukuma ya finje anakukatia, nyembamba kama uzi, na hakutozi kitu kwa hiyo kazi. Ukinunua nyanya na vitunguu anatupia dania juu. Umewahi kumwuliza, "Mathe, kwani hii dania ina nini?" Umewahi kumwachia hapo ukaondoka? Hata siku akisahau, unamkumbusha: "Mathe, si uniongezee." Hiyo si bure. Hiyo ni nyongeza, na nyongeza ni neno lenye heshima. Wewe umetoa kitu kwanza, yeye akaongeza. Hakuna aliyemdharau mwenzake. Tena nyongeza inakufunga. Mama mboga wa ng'ambo anaweza kuwa na sukuma nzuri zaidi, na bado unarudi kwa wako.

Kwa hivyo wasee wa biashara ndogo, nisikizeni: acheni kuanza na bure. Andikeni bei kwanza, kubwa, mtu aione. Halafu ongezeni. Mtu akishajua kazi yako ni soo, ile nyongeza ya kuoshwa kichwa na kukandwa mabega ataiona. Ukianza na sifuri, atadhani wewe ni sifuri. Na kama ni lazima utoe bure, sema wazi unataka nini: "Mimi ni mgeni hapa, nyoa leo, ukipenda mlete mwenzako." Mtu wa Nairobi akijua unachotaka anatulia. Anachoogopa ni kile hujasema.

Na sisi wateja? Tuna deni. Ukipokea ofa ya mtu mdogo, fika. Kama hutafika, sema mapema. Ukipenda kazi, mwambie mtu mmoja. Usipopenda, mwambie mwenyewe usoni, usiende kumsemea kwa mama mboga. Hiyo ndiyo bei ya cha bure, na ni bei rahisi. Na ile shuku yako usiitupe, ihamishe tu. Iamke wakati wanaotaka kidole chako, jicho lako na nambari ya kitambulisho wanakuja na zawadi. Kwa kijana mwenye karatasi mlangoni, mpe dakika mbili umwulize maswali, na umsikilize akijibu.

Braza aliondoa ile karatasi. Sasa imeandikwa: "Kunyoa soo. Ukija na mtoto, wa mtoto ni nyongeza." Watu wameanza kuja. Si umati, lakini Jumapili iliyopita akina baba wanne walikuja na vijana wao, na kinyozi kikapiga kelele kama nyumba yenye sherehe. Yule mzee wa kwanza pia alirudi. Alilipa soo yake, akajitazama kwa kioo kushoto na kulia, akasema, "Kumbe unajua kazi. Ungesema tangu mwanzo."

Lakini kuna kitu hamwezi kuona kwenye video zangu. Vile viti viwili, sasa ni kimoja. Kingine kiliuzwa mwisho wa mwezi wa kwanza, ikalipa renti. Kwa hivyo ukikuja Jumamosi utangoja kidogo kwenye benchi. Mimi nitakuwa hapo. Ukinikuta, usiniombe unyolewe bure kwa sababu unanifuata mtandaoni.

Ni soo. Lipa, halafu uombe nyongeza.