Usiwekee mtu seva ya barua pepe kama husomi logi

Wasee wa IT wa Kitengela na Isinya, leo tuambiane ukweli. Kuweka Postfix na Dovecot kwa laptopu ya zamani si ngumu. Ngumu ni barua ifike.

Mimi nilimwekea mjomba wangu, anauza mabati na simiti hapa Isinya. Nikajiona mkali. Jumatatu akamtumia mteja bei. Alhamisi mteja alikuwa ashanunua kwingine. Mjomba hakunigombeza, alininyamazia tu. Hiyo inauma zaidi.

Nikalaumu Gmail. Kisha nikaandika mailq, na barua yake ilikuwa bado imelala kwa foleni! Logi ilisema wazi: connection timed out. Intaneti nyingi za nyumbani hufunga poti 25, na Postfix ikikwama hivyo hujaribu tena na tena kimyakimya hadi siku 5 ndiyo ikurudishie barua. Na hata poti ingefunguka, sikuwa nimeweka SPF wala DKIM. Tangu Februari 2024 Gmail inataka angalau moja kwa kila anayetuma.

Sasa barua zake zinapitia poti 587 kwa seva ya kulipia, na rekodi zote ziko kwa DNS.

Sisemi usijaribu. Jaribu, lakini kwa anwani yako mwenyewe. Ukishaweka unga wa mtu juu ya seva yako, soma logi kila asubuhi, kabla ya TikTok. Ama niaje?