Kufilisika Si Kufilisiwa: Somo Linalokosekana kwa Mawakili Wetu

Leo naomba niwatoe kidogo katika vina na mizani, niwapeleke mahali ambapo washairi hatualikwi: kwenye semina za mawakili wanaoshughulikia kesi za ufilisi. Najua wapo watakaouliza, mwalimu mstaafu ana lipi huko? Elimu yangu ni ya chuo cha ualimu, na maisha yangu yote ya kazi nimeyamaliza mbele ya ubao wa sekondari nikifundisha Kiswahili. Sheria sikuisomea. Lakini maneno yanayotumika huko ni yetu sote, na mwaka juzi niliona kwa macho yangu neno moja likimtoa mtu kazini.

Mtu huyo ni fundi cherehani wa mtaani kwetu hapa Tanga. Alikuwa na cherehani nne, akishona sare za shule. Alikopa fedha ili anunue vitambaa kwa wingi, mauzo yakaenda kombo, na deni likalala. Siku moja akaletewa barua ya wakili wa mmoja wa waliomkopesha, imeandikwa kwa Kiswahili, ikimtaarifu kwamba asipolipa katika muda uliotajwa ataombewa mahakamani "kufilisiwa". Alikuja kwangu siku ya tatu yake. Baada ya shikamoo akaninyoshea barua, akauliza, "Mwalimu, ndiyo nimeshakuwa mufilisi?"

Nikamwambia hapana, hiyo ni barua tu, bado hakuna shauri. Akanyamaza. Kisha akasema kwamba usiku uleule alioipata alimwita mnunuzi, akaziuza cherehani zote nne kwa bei ya kutupa, maana alijua kufilisiwa ni kuja kubebewa kila kitu hadi godoro.

Nilimpigia simu mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni wakili. Alinieleza mambo ambayo fundi alipaswa kuyajua kabla ya usiku ule. Kwamba Sheria ya Ufilisi ya Tanzania Bara, Sura ya 25, ni mrithi wa muundo wa sheria ya Kiingereza ya 1914. Kwamba sheria za ukoo huo humwachia mdaiwa zana za kazi yake, pamoja na nguo na matandiko ya lazima ya familia, kwa thamani yenye kikomo. Huenda kikomo hicho kisingezifunika cherehani zote nne, lakini fundi hakuwa na haja ya kubaki mikono mitupu. Tena, mali inayouzwa au kugawiwa kwa pupa mtu akikaribia kufilisiwa inaweza kuhojiwa na mahakama na kurudishwa. Fundi hakuokoa kitu, na juu ya hasara akajitia katika hatari ya pili.

Leo deni analilipa kidogo kidogo kwa makubaliano, na shauri halikufika mahakamani. Anashona kwa kibarua katika duka la mtu mwingine. Cherehani moja anayoikalia ni ile iliyokuwa yake.

Sasa tulitazame neno lenyewe, maana hapa ndipo pana utamu na ndipo penye kosa. Kwa Kiarabu, *fals* ni sarafu ndogo ya shaba, na wingi wake ni *fulus*. Watu wa pwani tulilichukua tukapata fulusi, nami nasema fedha, si samaki. Katika mzizi huohuo Waarabu wana *muflis*, mtu aliyefikia hali ya kukosa hata kijisarafu cha shaba. Nasi tukajipatia filisi, filisika, filisiwa, mfilisi, ufilisi, na huyo mufilisi ambaye wengine humwita muflisi. Waliosoma chuoni wakiwa watoto wanakumbuka hadithi mashuhuri ambamo Mtume aliwauliza masahaba wake muflisi ni nani, nao wakajibu kuwa ni asiye na fedha wala mali. Akawaeleza kwamba muflisi wa kweli ni atakayekuja siku ya hukumu na sala na saumu na zaka, lakini aliwadhulumu watu, basi mema yake yagawiwe waliodhulumiwa hadi yaishe. Mgawanyo huo unafanana sana na mali ya mfilisiwa inavyogawiwa wanaomdai. Ndiyo maana neno hili kwetu lina uzito wa aibu na hofu, uzito ambao mwandishi wa barua ile pengine hakuufikiria.

Kinachonisikitisha ni kwamba sarufi yetu ilikwisha kufanya kazi ambayo mawakili wanadhani inafanywa na Kiingereza pekee. Mara nyingi nimeambiwa kwamba Kiswahili hakiwezi kutenganisha *insolvency* na *bankruptcy*. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeelewa mnyambuliko wa vitenzi anaweza. Kufilisika ni kauli ya kutendeka: hali ya mtu ambaye mali yake haitoshi madeni yake, hata kama hakuna ajuaye ila yeye na mkewe. Kufilisiwa ni kauli ya kutendwa: lazima awepo mtendaji, na mtendaji huyo ni mahakama kwa amri yake. Mtu anaweza kufilisika miaka mitatu bila kufilisiwa. Fundi wetu alikuwa amefilisika, au anakaribia, lakini hakuwa amefilisiwa na mtu yeyote. Tofauti ya silabi moja ndiyo iliyokuwa tofauti ya cherehani nne.

Kinyume chake, mahali ambapo lugha inateleza kweli, sisikii wakilalamika. Mfilisi ni afisa anayekusanya mali na kuigawa kwa wanaodai. Mufilisi ni maskini wa Mungu anayekusanyiwa. Katika usemi wa haraka, nani atasikia irabu ile moja? Mimi ningependa mufilisi tuwaachie washairi, na katika nyaraka za mahakama tuandike mfilisiwa. Halafu lipo suala la mdai na mdaiwa. Katika kesi za madai, mdai ndiye anayefungua shauri na mdaiwa ndiye anayeshtakiwa. Lakini katika ufilisi sheria inamruhusu hata mwenye kudaiwa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba afilisiwe, ili akingwe na msururu wa kesi. Hapo mdaiwa ndiye mleta maombi, na mdai ndiye anayejibu! Karani akichoka kidogo, jalada zima linasomeka kichwa chini miguu juu.

Wazee wetu walikuwa na tiba. Walikuwa na kitenzi kuwia, wakasema "namwia shilingi mia" yaani ninamdai. Mwenye haki ya kulipwa wakamwita mwia, na mwenye deni mwiwa. Kwa umbo, kitenzi hicho tungali tunakisikia kila siku katika "niwie radhi". Tukiwaacha mdai na mdaiwa washike nafasi zao za kesi, na tukawarudisha mwia na mwiwa katika ufilisi, tutakuwa tumetengeneza kwa mali yetu wenyewe utaratibu ulio safi kuliko wa Kiingereza.

Kwa nini nayaelekeza haya kwa mafunzo ya mawakili, badala ya kamati za istilahi? Kwa sababu orodha za istilahi tunazo tangu zamani. Mwaka 1968 A. B. Weston alikwisha kuchapisha Dar es Salaam kitabu cha istilahi za kisheria za Kiswahili. Orodha hukaa kabatini. Mazoea ya mtu aliye kazini hubadilishwa na mafunzo ya mara kwa mara, na mawakili wanayo tayari. Kenya, wakili hutakiwa kukusanya alama tano za mafunzo endelevu kila mwaka. Kwetu, Chama cha Mawakili Tanganyika nacho kina utaratibu wake wa semina za namna hiyo. Mwanafunzi wangu huniletea vijitabu vya semina hizo, nami huvisoma kwa furaha ya mstaafu asiye na madaftari ya kusahihisha. Vina habari nzito: maamuzi mapya ya Mahakama Kuu, taratibu za kuwasilisha madai, haki za wenye dhamana mbele ya wasio na dhamana, namna ya kuinusuru kampuni kwa kuiweka chini ya msimamizi kabla haijafikia kufungwa. Katika vile nilivyosoma sijaona hata ukurasa mmoja unaomfundisha wakili namna ya kumwambia mteja mambo hayo kwa Kiswahili.

Na hili si pambo. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikabakizwa kwa pale ambapo maslahi ya haki yanakihitaji. Wakala wa Serikali unaohusika na mambo haya, RITA, umelibeba neno letu katika jina lake: Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Mkuu wake anaitwa Kabidhi Wasii Mkuu, jina ambalo mimi huliona zuri kuliko lolote serikalini. Kiswahili kiko mlangoni, kimeandikwa kwa herufi kubwa. Ndani ya semina hakijaketi.

Mwanafunzi wangu ananipinga, na hoja yake si ya kubeza. Anasema istilahi ya Kiingereza inabeba mgongoni mamia ya kesi zilizokwisha kuamuliwa, na wakili akibadilisha neno anapoteza mzigo wote. Nakubali kwamba katika hoja za kisheria mbele ya jaji jambo hilo lina uzito, na kwamba miaka mingi itapita kabla neno mwia halijapata uzito huo. Lakini barua ya fundi haikuwa hoja mbele ya jaji. Ilikuwa habari kwa mtu asiye na wakili, iliyomtaka aamue jambo katika siku chache. Hapo neno linapimwa kwa jinsi msomaji alivyolielewa, na msomaji yule alielewa godoro.

Tazameni pia makampuni. Nakumatt ya Kenya ilipowekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, lengo la hatua hiyo kisheria lilikuwa kujaribu kuinusuru, ingawa mwishowe ilifungwa. Sheria ya Kenya ya 2015 iliandikwa ikiwa na nia hiyo ya uokoaji. Katika mazungumzo yetu ya Kiswahili, hata hivyo, kuwekewa msimamizi, kupangiwa malipo na kuvunjwa kabisa vyote huitwa "imefilisika". Mfanyakazi anayesikia hivyo anatafuta kazi nyingine siku hiyohiyo, na muuza nyanya anakataa kukopesha. Kampuni inayojaribu kupona inauawa na habari ya kifo chake.

Mimi nilihudhuria mafunzo kazini mengi nikiwa mwalimu. Nayajua: chai, karatasi kubwa ukutani, kalamu zisizoandika, na wenzangu wakiulizana posho inalipwa lini. Ila nayajua pia machache yaliyonibadilisha, na yote yalikuwa yale tuliyotakiwa kufanya jambo, si kusikiliza. Kwa mawakili ningetaka saa moja tu. Kila mmoja aandike barua kwa mwiwa asiye na wakili, ukurasa mmoja, akieleza amri ya kupokea mali ni nini, nini hakitaguswa, nini asikifanye kabla ya kupata ushauri, na siku gani atakuwa huru tena. Kisha barua zisomwe kwa sauti na mtu asiye mwanasheria. Pale atakapokwama, iandikwe upya. Mshairi akiwemo chumbani atafaa, maana kusikia neno lililokaa mahali si pake ndiyo kazi yake.

Nimemwandikia mwanafunzi wangu pendekezo hilo, naye amelipeleka kwa waandaaji wa semina ijayo ya mawakili wa huku kwetu. Jibu limekuja juma lililopita. Wamenipa nusu saa, baada ya chakula cha mchana. Mwalimu yeyote anajua nusu saa hiyo ina maana gani. Nimekubali, na nimemwomba fundi aje kusoma barua. Na ninyi mlioko Lamu, Pemba au Mtwara, kama mwia na mwiwa wangali vinywani mwa wazee wenu, niandikieni mapema wanavyowatamka.