Programu za data: mnunuzi aulize itaandika nini ikikwama

WANUNUZI wa programu za kuchambua data za kisayansi, yaani maabara, vituo vya utafiti na idara za afya, huuliza maswali mawili kabla ya kutia sahihi: bei gani na kasi gani. Swali la tatu, ambalo mara nyingi ndilo lenye hasara ndani yake, haliulizwi. Mambo yakiharibika katikati ya kazi, programu itaandika nini katika daftari lake la matukio?

Yaliyotokea Uingereza yanaonyesha uzito wa swali hilo. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na virusi vya korona hawakuingia katika takwimu za kila siku za nchi hiyo. Majibu yalitoka maabara yakiwa mafaili ya kawaida ya maandishi. Public Health England, shirika lililovunjwa 2021, liliyaingiza katika majedwali ya Excel ya muundo wa zamani, ambao hauchukui zaidi ya mistari 65,536. Jedwali lilipojaa, mistari iliyozidi ilibaki nje, na takwimu zikaendelea kutangazwa. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, lakini kuwatafuta waliokutana nao kulichelewa, na maradhi yale hayakuwa yakisubiri karani.

Wengi waliicheka Excel, na hapo walikosea shabaha. Kila chombo kina kikomo chake, hata ghala. Kilichohitajika ni sentensi moja ya aina hii: "Mistari iliyopokelewa 80,000, iliyoingizwa 65,536, iliyoachwa 14,464, kazi imesimamishwa." Karani yeyote anayepokea magunia huandika hivyo kwenye hati ya mapokezi, na asipoandika, upungufu huwa wake.

Hata hivyo, kuwepo kwa ujumbe peke yake hakusaidii. NumPy, maktaba ya hesabu inayotumiwa sana na wanasayansi katika lugha ya Python, ikigawanya sifuri kwa sifuri hutoa onyo kwamba imekutana na thamani batili katika kugawanya. Ni thamani ipi, ya mstari wa ngapi, kutoka faili gani, haisemi. Onyo ni moja tu kwa jedwali zima, iwe kasoro ni moja au elfu kumi. Tena, kwa mpangilio wa kawaida wa Python, onyo hilo hilo likitoka mahali pale pale katika programu halirudiwi. Mtafiti anaona mstari mmoja wa maandishi, anaupuuza, na wastani anaoutoa mwisho wa siku umejengwa juu ya shimo asilojua ukubwa wake.

Wauzaji wengine wamekimbilia upande wa pili: kuandika kila kitu. Mfumo wa syslog, uliozaliwa miaka ya 1980, uliacha ngazi nane za uzito, kuanzia dharura hadi maelezo madogo ya fundi. Ngazi hizo ni mali nzuri inayotumiwa vibaya. Faili kuchelewa kufunguka kunaitwa onyo, na kipimo cha joto kukosa alama ya nyuzi nako kunaitwa onyo. Msomaji akishakutana na maonyo mia tatu yasiyo na maana, la mia tatu na moja halimshtui.

Wauzaji wana hoja yao, na si ya kubeza. Kubadili maneno ya ujumbe ni gharama, kwa sababu zipo programu nyingine zinazousoma ujumbe huo neno kwa neno, nazo zitakwama. Lakini hilo lina dawa: kila ujumbe upewe namba ya kudumu kwa ajili ya mashine, na sentensi kamili kwa ajili ya mtu. Sentensi inaweza kurekebishwa kila mwaka, namba ibaki ile ile.

Mnunuzi naye ana silaha yake, nayo ni awamu ya mwisho ya malipo. Siku ya makabidhiano apeleke faili aliloliharibu kwa makusudi: mistari ishirini imekatwa, safu moja ina futi badala ya mita. Kisha daftari la matukio asomeshwe fundi wa zamu, si yule aliyeandika programu. Akishindwa kutaja faili, mstari na idadi iliyopotea bila kupiga simu kwa muuzaji, hundi ibaki mezani.